Giaboksi ya Ipsum: imekufa kweli, au imehukumiwa kabla ya kupimwa?

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Nina Toyota Ipsum ya 1999, injini ya 3S-FE, na imetembea zaidi ya kilomita 280,000. Asubuhi nikitia D inakaa kama sekunde tatu ndipo ishike, tena kwa kishindo. Nikipanda kwenda Limuru injini inanguruma, mshale wa mizunguko unaruka hadi 4,000, lakini gari halivuti. Wiki iliyopita taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya juu kabisa) imeanza kupepesa yenyewe. Fundi wa mtaani amesema giaboksi imekufa, nitafute ya kutoka Japani pale Kirinyaga Road. Nimsikilize? – Baba Wanja, Kahawa West.

JIBU: Usitoe hata shilingi ya giaboksi kwa sasa, Baba Wanja. Umeniletea dalili za aina mbili, na fundi wako amezitia kwenye gunia moja. Taa inayopepesa ni malalamiko ya umeme: kompyuta haipati mawasiliano ya solenoidi (vali ya umeme inayobadili gia) au sensa fulani. Kuchelewa kushika na kuteleza mlimani ni mambo ya oili na presha. Huenda zimekutana kwa bahati mbaya tu.

Anza na oili. Wengi huipima kama ya injini, gari limelala na injini imezimwa. Hapo unajidanganya. Endesha kama dakika ishirini ipate moto, egesha mahali tambarare, acha injini ikinguruma polepole. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha gia kutoka P hadi L, ukituama kidogo kila mahali, kisha urudi P. Ndipo uvute stiki ya oili ya giaboksi, uipanguse, uirudishe, uvute tena. Oili iwe kati ya alama za HOT.

Sasa dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe. Nyekundu ni sawa. Kahawia isiyo na harufu ni uzee tu. Ikiwa nyeusi na inanuka kama maharagwe yaliyoungulia sufuriani, klachi za ndani zimeungua. Ikiwa na rangi ya waridi yenye ukungu, kama maziwa lala yaliyotiwa rangi, maji ya rejeta yameingia, maana oili ya giaboksi hupitia humo kupozwa. Gari la namna hiyo halisogei tena mpaka lirekebishwe.

Ukikuta imepungua, jua kwamba oili hii hailiwi na giaboksi. Inavuja: sili za ekseli, gasketi ya sampu (beseni la oili chini ya giaboksi) au mipira inayoenda kwenye rejeta. Na ukiongeza, tia Dexron, oili ya giaboksi za otomatiki. Mwaka jana nililetewa gari la rika la lako lililokuwa likitetemeka kila likibadili gia. Gereji fulani ilikuwa imelitilia oili ya CVT, giaboksi ya aina nyingine kabisa, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Tuliimwaga mara tatu ndipo likatulia.

Oili ikiwa sawa, pima kule kuchelewa kwa saa ya simu. Kutoka N hadi D, Toyota ya aina hii haitakiwi kuzidisha sekunde 1.2, N hadi R, sekunde 1.5. Zako tatu ni nyingi. Zikichelewa zote mbili, presha yote iko chini: filta iliyoziba, au pampu iliyochoka. R ikishika haraka na D pekee ikavuta miguu, shuku klachi ya kwenda mbele au sili zake. Tatizo likiwa la asubuhi tu, mara nyingi ni sili zilizokauka zinazoachia oili irudi kwenye sampu usiku. Angalia pia kebo inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini) kwenda kwenye giaboksi, kama lako linayo. Ikilegea, presha hushuka na klachi huteleza. Kuikaza ni spana mbili.

Halafu ile taa. Huhitaji mashine ya bei. Fungua kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Kama lako lina soketi ya pini 16 chini ya usukani, unganisha namba 13 na 4. Washa swichi bila kuwasha injini, O/D ikiwa haijazimwa, uhesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa bila kukoma, hakuna kodi (namba ya hitilafu) iliyohifadhiwa. Mara sita, ikatulia, kisha mara mbili, ni 62: solenoidi ya kwanza. 63 ni ya pili. 42 na 61 ni sensa za mwendo. Solenoidi nzima hupima omu 11 hadi 15, na mara nyingi kasoro huwa ni waya uliokatika au plagi iliyoingia maji.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu halibishaniwi. Chomoa plagi ya solenoidi kwenye giaboksi, kisha endesha barabara isiyo na magari. L itakupa gia ya kwanza, 2 itakupa ya tatu, D itakupa ya nne. Ukiisikia tofauti ya wazi kati ya gia hizo bila kuteleza, chuma kiko salama na shida yako ni umeme. Ikiteleza hata hapo, fundi wako ana hoja. Ukimaliza rudisha plagi, toa fyuzi ya EFI kama nusu dakika ili kodi zifutike.

Kuna atakayetaka kukanyaga breki na mafuta mpaka chini aone mizunguko inafika wapi. Jaribio hilo lipo, na halizidi sekunde tano, lakini kwa giaboksi inayoteleza mwambie aache.

La mwisho ni kushusha sampu. Humo mna sumaku. Uji laini wa kijivu juu yake ni wa kawaida kwa kilomita 280,000. Vipande vinavyong'aa kama karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au mabaki meusi ya klachi, ndipo tuzungumze habari ya Kirinyaga Road. Ukifika huko, linganisha namba ya aina ya giaboksi na iliyo kwenye kibati cha gari lako, na usikubali ifungwe kabla mipira na kipoza oili kuoshwa, la sivyo chembe za ile ya zamani zitaila mpya.

Nitumie hesabu ya kupepesa na picha ya ile tishu. Na mpaka hapo, Limuru nenda na matatu.