Mkongwe wa Burma aliyezikwa Igoma

Kaka, jina la babu yako halipo kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kwa sababu ya tarehe tu. Kwa vita ya pili wanahesabu waliokufa kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Mzee aliyetoka Nyasaland (Malawi ya leo), akapigana Burma (Myanmar ya leo) na keya, yaani jeshi la King's African Rifles la Waingereza, kisha akaja Mwanza kufanya kazi kiwanda cha pamba na kufariki miaka ya 80, kaburi lake Igoma ni la familia. Hilo la "alikuwa mgeni ndiyo maana" ni porojo za kijiweni.

Niliambiwa hivyo nilipomfuatilia babu mzaa mama. Na usihangaike kuigeuzageuza ile medali yake ya Burma, nyota yenye ncha sita, ukitafuta jina, Waingereza walizitoa bila kuchonga. Medali za vita ya kwanza ndizo zenye namba na jina ukingoni. Tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi, kama shangazi zako hawajakichoma.

Ila aliyeachishwa jeshi akafa kwa majeraha ya vita kabla ya 1947 kwisha, huyo huorodheshwa.