Kadi ya bidhaa inayobanana kwenye safu ya pembeni

Ndugu, umeeleza kwamba kadi za bidhaa za duka lako la Kampala hukaa vizuri katikati ya ukurasa, lakini zikiwekwa kwenye safu ya pembeni, picha na bei hubanana ingawa skrini ni pana. Sababu ni kwamba @media, kanuni ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa), hupima dirisha zima la kivinjari, wala haijui nafasi iliyopewa kadi. Kisanduku kinachoibeba kadi kipe container-type: inline-size, yaani upana wake ndio upimwe, kisha ndani ya @container, kanuni inayopima kisanduku badala ya dirisha, eleza kwamba upana ukifika pikseli 400 picha ikae kando ya maelezo. Kadi haiwezi kujipima yenyewe, bali hupima kisanduku kinachoizunguka, na kwa kuwa kisanduku hicho hakipanuliwi tena na vilivyomo, kikiwa ndani ya display: flex (mpangilio unaoweka vitu kwa mstari) bila kupewa upana chaweza kusinyaa hadi sifuri.

Chrome na Safari ziliikubali @container mwaka 2022, Firefox mwaka 2023. Kwa wateja wenye simu za zamani, andika kwanza mpangilio wa safu moja nje ya @container. Kivinjari kisichoielewa kitairuka tu, na bei ya shilingi 45,000 itasomeka bila kukatika. Kazi hii nisingeifanya kwa JavaScript, msimbo wa ziada ambao simu hulazimika kuupakua, maana bando analilipia mteja.