sin(30) Imekupa Jibu la Ajabu? Usiisingizie Kompyuta

Juzi kijana mmoja wa Kisauni anayeandika programu kwa lugha ya C ameniandikia: "Kaka, C yangu imeharibika. Nikiipa sin(30) inanirudishia -0.988032, na shuleni tulifundishwa ni 0.5." Nilicheka, kisha nikakasirika, maana jambo hilohilo liliwahi kunikosesha pesa zangu.

Kampuni moja hapa mjini ilinipa programu ya maji kujaa na kupwa, ya kuwasaidia wavuvi. Hesabu hazikuwa zangu. Alizipiga bwana mmoja mwenye shahada kabla sijafika. Mzunguko mkubwa wa maji unaotokana na mwezi huenda nyuzi 28.98 kwa saa, naye akaitia namba hiyo kavukavu ndani ya cos, fanksheni ya kosaini. Hapo 1 ni maji kujaa kabisa, -1 ni kupwa kabisa. Saa moja baada ya maji kujaa, jibu lilipaswa kuwa 0.87. Likaja -0.76! Mvuvi wa Mtongwe angeambiwa maji yamekupwa huku mashua yake inaelea.

Bosi akashikilia kwamba kompaila niliyoiweka mimi, ile inayogeuza maandishi ya C kuwa programu, ndiyo mbovu. Nikaweka nyingine, jibu lilelile. Usiku nikaprinti kinachoingia ndani ya cos, nikaona: 28.98. Fanksheni za math.h, yaani za hesabu katika C, hazijui nyuzi, zinajua radiani, kipimo kingine cha pembe. Zidisha kwa pai, gawanya kwa 180, basi. Mstari mmoja tu! Asubuhi sifa zikaenda kwa mwenye shahada, na malipo yangu ya mwisho mpaka leo naambiwa "njoo kesho".

Sasa nyinyi wadogo zangu mnaotaka kula kwa jasho la C, acheni uvivu. Printi kinachoingia kabla ya kulalamikia kinachotoka. Jaribu kwanza namba ambayo jibu lake unalijua. Washa -Wall, inayoifanya kompaila itoe maonyo zaidi, na usome maonyo yote, si la kwanza tu. Linka, ile inayounganisha programu yako na maktaba, ikikataa kwamba haiijui pow (fanksheni ya vipeo), malizia amri yako ya kompaila na -lm, yaani maktaba ya hesabu. Ukitaka thamani chanya ya desimali tumia fabs, kwani abs ya namba kamili itaifanya -0.75 kuwa 0, na hapo utamtafuta mchawi bure. Narudia, printi kinachoingia.

Na wewe wa Kisauni, ile pow(27, 1/3) uliyoniuliza mwisho, ya kutafuta kipeuo cha tatu cha 27, inakupa 1 badala ya 3 kwa sababu 1/3 ni namba kamili mbili zikigawanywa, inabaki sifuri, na 27 kwa kipeo cha sifuri ni 1. Andika 1.0/3, au tumia cbrt, fanksheni ya kipeuo cha tatu.