Muulize Shangazi: Fomu elfu kumi, vipimo elfu thelathini, sasa wanataka ya sare

Mwezi huu barua zenu zimefanana hadi nikadhani mmekaa kikao. Kila mtu na wakala wake wa ajira. Nimechagua tano. Ya kwanza nililetewa na kijana wa bodaboda wa Area C, imekunjwa ndogo kama hirizi, na ndiyo ninayoanza nayo.

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nimetokea Kibaigwa, nina diploma ya uhasibu. Tangu mwezi wa pili nakaa kwa baba mdogo, Nkuhungu. Niliona tangazo kwenye nguzo ya umeme karibu na Sabasaba: "Nafasi 40, watunza stoo, mshahara 650,000." Nikapiga, nikaelekezwa ofisi moja ya ghorofani. Kuna dada mpole sana, akaniuzia fomu kwa 10,000. Wiki iliyofuata nikalipa 30,000 ya vipimo vya afya, ingawa sikupimwa, waliandika tu. Jana wamenipigia kwamba nimepita, nitume 85,000 ya sare na kitambulisho kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nimewaomba wanisubiri hadi Ijumaa, wamekubali kwa shingo upande. Kazi yenyewe wanasema ni kwenye mradi wa ujenzi upande wa Ihumwa. Baba mdogo yuko tayari kunikopesha. Nilipe?*
Mwenye Fomu, Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Usilipe. Hela ya baba mdogo ibaki mfukoni mwake.

Nasema kwa uhakika kwa sababu ofisi hiyo naijua. Si hiyo yenyewe, ila ndugu yake. Kabla sijarudi Dodoma kufungua steshenari, nilikaa Dar es Salaam miezi saba nikiwa huyo "dada mpole sana" kwenye ofisi ya uwakala ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kuuza fomu, kupokea nakala za vyeti na kusema "tutakupigia". Nilikuwa na makabati mawili ya chuma yaliyojaa mafaili ya watafuta kazi, zaidi ya mia nane. Upande wa waajiri kulikuwa na kauntabuku moja, na ndani yake majina manne. Manne, mwanangu! Mmoja wao alikuwa mwenye duka la vipuri aliyewahi kuomba mlinzi, kisha akampata kwa jirani yake.

Aliyelipa "ya haraka", faili lake lilipigwa alama ya kalamu nyekundu. Asiyelipa halikupigwa. Kabati likijaa, yote yaliingia kiroba kimoja, yenye wekundu na yasiyo na wekundu, na kiroba kikauzwa. Kinauzwa wapi sikujua, mpaka siku niliponunua karanga za mia mbili pale nje nikakuta zimefungwa kwenye barua niliyoipokea kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko wa kulalia kushoto. "Yah: Maombi ya kazi ya ukarani. Kwa heshima na taadhima..." Karanga nilizila, nisikudanganye, nilikuwa na njaa, mshahara wangu wa miezi miwili ya mwisho ulikuwa haujalipwa, na haukulipwa.

Ofisi ile iliishi kwa fomu. Wakala wa kweli anaishi kwa mwajiri: mwajiri anasema nitafutie mtu, wakala anatafuta, akimpata analipwa na huyo huyo mwajiri. Hata sheria imekaa hivyo. Ipo Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na zipo kanuni za mawakala binafsi za mwaka 2014. Wakala lazima awe na kibali cha serikali, na haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi. Kwa hiyo jibu lako ulishalipata siku ya fomu.

Ona walivyokupandisha ngazi: kumi, thelathini, themanini na tano. Wangetaja 125,000 siku ya kwanza ungekimbia mpaka Kibaigwa. Walianza na hela ya kula siku mbili tatu, na sasa wewe mwenyewe ndiye unayewatetea: "Nimeshatoa arobaini, nikiacha zinapotea." Zimeshapotea. Na hiyo "kabla ya saa kumi" iliyogeuka Ijumaa ulipoomba, wewe hukuishangaa? Mtu anayetafuta wa kumtunzia saruji na nondo ana maswali: umewahi kuhesabu mali wapi, ukikuta upungufu unafanyaje, mdhamini wako nani. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta swali moja walilokuuliza kuhusu stoo. Hakuna.

Ihumwa ni nauli ya daladala tu. Panda, fika getini, uliza ofisi ya utumishi ya mkandarasi kama wanatafuta watunza stoo 40. (Mradi gani wa watunza stoo 40? Hata mji wa serikali wa Mtumba wote ukijengwa upya, hawafiki.) Wakikuonyesha cheti cha BRELA usitishike. BRELA inasajili kampuni na majina ya biashara, hata ya kuuza maandazi, na kibali cha uwakala wa ajira ni karatasi nyingine. Na siku yoyote ukitaka kutuma hela kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Ofisi inajiita kampuni, jina linatokea la mtu binafsi: hapo hapo futa.

Meseji zao usizifute. Ziripoti kwenda 15040, kisha nenda nazo polisi pamoja na risiti, kama walikupa, na nina mashaka. Ukitoka huko jiandikishe TaESA. Ni huduma ya serikali ya kuunganisha watafuta kazi na waajiri, na hawakutozi kitu.

*Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mama wa Kondoa, binti yangu ana miaka 22. Kuna mama anakusanya mabinti wa kwenda Oman, kazi za ndani. Huyu si kama hao unaowasema kila siku, hatudaiwi hela ya kazi. Tiketi na yote analipa bosi wa huko. Sisi tunatoa 350,000 tu ya kushughulikia pasipoti. Mkataba atasaini akifika. Nimruhusu?*
Mama Binti, Kondoa

Nzuri dada yangu. Tuanze na kidogo. Pasipoti ni 150,000, na maombi anafanya binti mwenyewe Uhamiaji akiwa na namba yake ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Hiyo 200,000 inayobaki ni ya huyo mama. Lakini hilo dogo.

Kubwa ni hilo ulilolitaja kama heri: bosi analipa yote. Kwa kazi za huku, mimi hufurahi nikisikia mwajiri ndiye anayelipa. Kwa kazi za ndani za Ghuba naogopa, na nakwambia kwa nini. Kule kibali cha kuishi cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri aliyemleta. Mwajiri ameshamlipa wakala, ametoa tiketi, ametoa viza, na yote hayo anayahesabu kichwani mwake kama deni la binti. Siku binti akisema kazi imemshinda, anaambiwa rudisha kwanza nilichotoa. Yuko nyumbani kwa watu, lugha hajui, na pasipoti iko kwenye droo ya bosi.

Ndiyo maana mkataba wa "atasaini akifika" siutaki kabisa. Akishafika, kalamu atapewa na karatasi hataweza kuikataa. Usomwe huku, kwa Kiswahili, wewe ukiwepo: jina la mwajiri, mshahara kwa riali, siku ya kupumzika, nani analipa nauli ya kurudi. Huyo mama akuonyeshe kibali cha kupeleka wafanyakazi nje, na ukiulizie mwenyewe ofisi ya kazi, usikiulizie kwake. Viza iwe ya kazi. Ikiwa ya utalii, binti hatoki Kondoa. Nakala ya pasipoti na ya mkataba zibaki kwako, sandukuni pale unapoweka hati ya shamba.

Kisha muulize huyo mama akupe namba za mabinti wawili waliokwenda wakarudi. Waliorudi, si walioko huko. Walioko huko, bosi anaweza kuwa amekaa nao karibu wakati wanaongea na wewe.

Sisemi asiende, dada. Wapo waliokwenda wakamwezekea mama yao bati. Ila anayechukua mtoto wa mtu kwa kumdanganya kuhusu kazi anayompeleka anaingia kwenye sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu, na huyo mama akijua kwamba unalijua hilo, ataongea na wewe kwa adabu zaidi.

*Shangazi, mimi ni ofisa ugavi, miaka 34, nafanya kazi hapa Dodoma. Mawakala wawili wa Dar wamenipigia wiki moja kuhusu kazi ambayo naona ni ile ile, kampuni ya vinywaji. Wa kwanza hajataja kampuni, amechukua CV. Wa pili ametaja. Wote wanataka kujua mshahara wangu wa sasa. Niwape wote CV nijiongezee nafasi?*
Ugavi, Area D

Hujiongezei, unajipunguzia. Hao wawili wanaonekana ni mawakala wa kweli, na wa kweli nao wana yao.

Malipo yao kutoka kwa mwajiri mara nyingi ni sehemu ya mshahara wako wa mwaka. CV yako ikifika mezani kutoka kwa watu wawili, mwajiri anaona ugomvi wa nani alikuleta, nani alipwe. Mwingine atakuweka pembeni kuliko kuamua kesi hiyo. Mpigie wa kwanza leo umuulize neno moja: umeshanipeleka, na wapi? Kuficha jina siku ya kwanza ni kawaida yao, wanaogopa uende mwenyewe. Kulificha baada ya kupeleka CV yako si sawa. Akisema ameshapeleka, mwambie wa pili kwamba umetanguliwa. Akijing'atang'ata, mwandikie kwamba hujampa ruhusa, uende na wa pili.

Omba pia uione hiyo CV ilivyo sasa. Steshenari yangu imeona mengi. Aliwahi kuja kaka kuchapisha CV aliyorudishiwa na wakala ili aende nayo kwenye usaili, tukiwa tunaisoma pamoja kwenye kioo akakuta anajua Kifaransa.

Mshahara wa sasa huna haja ya kuutaja. Taja unaoutaka, na useme ni kabla ya makato au mkononi, maana kati ya hayo mawili kuna kodi na NSSF, na kodi ya nyumba ya Dar si ya Dodoma. Kumbuka tu anayekuuliza analipwa na nani. Atakuwa mchangamfu kwako, atakuita "bro", lakini bei ya chini kabisa unayoweza kukubali usimtajie.

*Shangazi, kuna mtu ana koneksheni Mtumba. Anasema nikitoa 700,000 jina langu linapita Sekretarieti ya Ajira. Nusu sasa, nusu nikipita. Nisipopita anarudisha.*
Msailiwa, Makole

Biashara yake ni hii. Anachukua kwa vijana kumi waliokwishaomba kwenye Ajira Portal na kufanya usaili pale UDOM. Wawili watapita kwa vichwa vyao wenyewe. Hao wanammalizia nusu iliyobaki na kumshukuru juu. Wanane anawarudishia kidogo kidogo, au anazima simu. Yeye hajanyanyua hata kalamu. Kuomba kwenye portal ni bure, na majina ya walioitwa yanatangazwa hadharani. TAKUKURU ni 113, bure vilevile, na uwahi kuwapigia kabla hujatoa hela, kwa sababu mtoa rushwa naye ana kosa.

*Dada, mimi ni wakala, nina kibali, na unatuharibia jina sote. Mwezi uliopita nilipeleka vijana watano kwenye usaili hotelini, wakatokea wawili. Watatu simu hazipatikani. Mwajiri amenihama. Waambie na hao.*
Wakala, Dodoma mjini

Nimekuelewa mdogo wangu, na nawaambia: ukiitwa usaili ukaona huendi, piga simu jana yake. Kupiga hakukugharimu shilingi mia, na kazi nyingine huenda iko kwenye daftari la huyo huyo uliyemkimbia.

Na wewe, wale waliotokea wakakosa, uliwapigia kuwaambia wamekosa? Nauliza kwa sababu mimi miezi yote saba sikumpigia hata mmoja. Simu ya ofisi ilikuwa na vocha. Nilikuwa naongea nayo na mama yangu, Mpwapwa.