Chakula cha Idi kiwe cha moto mpaka mgeni wa mwisho

Mpishi wa Idi ndogo ana mtihani ambao mpishi wa harusi haujui. Harusi ina tarehe. Idi inangoja mwezi, na habari ya kuandama kwake yaweza kufika saa tatu usiku, nyama bado haijakatwa na vitunguu havijamenywa. Kesho yake wageni nao hawaji kwa pamoja. Wapo wanaopitia moja kwa moja kutoka kuswali, wapo wa baada ya adhuhuri, wapo wanaoanza kwa wakwe na kufika kwako alasiri, na kuna vijana ambao hutawaona mpaka jua linakaribia kuzama. Wote wanastahili pilau ya moto. Mgeni wa saa kumi hana kosa lolote la kumfanya apewe wali uliopoa na mchuzi ulioganda mafuta juu.

Kwetu Tanga karamu hii huwa nyumbani kwangu, watu hamsini na zaidi, na nimeipika kwa kuni, kwa mkaa na kwa gesi. Nikiulizwa namna ya kuweka chakula cha moto kutwa nzima, sianzi na hotpoti. Naanza na hili: usipakue mpaka mlaji ameketi.

Tunapenda meza ijae. Bakuli zipangwe, sinia zing'ae, mgeni akiingia aone neema ya Mungu. Lakini sufuria kubwa lililojaa wali lina chakula kingi na uwazi mdogo wa kupitishia joto. Ukiugawa wali ule katika bakuli kumi, kila bakuli lina uso wake wa kupoa, na ndani ya nusu saa umekwisha joto. Mvuke unaouona ukipanda ndilo joto lenyewe linaondoka. Kwa hiyo mimi hupakua sinia moja kwa watu walioketi, nikafunika, nikasubiri kundi lijalo. Mezani nasitawisha kwa vitu visivyohitaji moto: matunda, kachumbari, tende, juisi. Mgeni haoni meza tupu, na pilau inabaki salama jikoni. Kawa zetu nzuri za ukili zifunike sinia wakati wa kulibeba, zizuie inzi na vumbi, lakini msiziamini kwa joto. Hazikusukwa kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni mpangilio wa kupika. Vyakula havilingani katika kushika moto. Masala ya biriani, mchuzi wa nyama na mbaazi ni vizito, vina maji na mafuta, na ukivichemsha tena havikasiriki. Hivyo vitangulie alfajiri. Pilau ifuate, ikadirie kuiva nusu saa tu kabla ya kundi kubwa la kwanza. Wali mweupe wa biriani baadaye, na ukae mbali na masala yake mpaka wakati wa kupakua, maana ukivichanganya mapema wali unalainika. Chapati, sambusa na kuku wa kukaanga ni vya mwisho kabisa. Nimeona nyumba nyingi zinaanza kukaanga saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ndiyo kazi watu wanayoiona nyepesi, kisha mchana wanashangaa sambusa zimelegea.

Sasa pilau yenyewe. Bibi zetu walishaimaliza kazi hii: maji yakikaribia kukauka, toa moto chini, palia makaa juu ya mfuniko. Wengi wanadhani makaa yale ni ya kuivisha tu. Yana faida nyingine, kwa sababu joto hupenda kutokea juu, na makaa yanaziba njia hiyo. Pilau ikishaiva usiyatupe. Yapunguze, yabaki machache, kisha yafunike kwa majivu ili yawake polepole. Chini acha vipande viwili vitatu tu vya mkaa, la sivyo ukoko utaungua na harufu itapanda juu. Mfuniko usipokaa sawasawa, tandika jani la mgomba juu ya wali kabla ya kufunika. Nawasihi msitandike nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini jikoni bado naona watu wanafunika wali wa moto kwa vipande vya plastiki, na vitu vile havikutengenezwa vikae juu ya chakula kinachofuka mvuke. Jani la mgomba linapatikana, na kama halipo, tumia foili.

Ukiepua sufuria, usiliweke chini kwenye saruji tupu. Aluminiamu hupitisha joto haraka sana na sakafu hulinyonya. Zungusha kanga kuukuu ifanye ngata, au weka ubao, ukalishe sufuria juu yake. Kisha lizungushie blanketi na taulo nene, ubavuni na juu ya mfuniko, lakini baada ya makaa yote kuondolewa. Sufuria la kilo kumi za mchele lililovishwa hivyo na lisilofunguliwa hukaa na moto kwa saa kadhaa. Linalofunguliwa kila mara na mtu wa kuonja halifiki mbali. Weka mtu mmoja wa kupakua, mwiko uwe mkononi mwake, na wengine wote wamwombe yeye.

Hotpoti nazipenda, ila zitumike vizuri. Hotpoti haipashi chakula, inatunza tu joto lililoingia nalo. Ikitoka kabatini ikiwa baridi, kazi yake ya kwanza ni kulinyonya joto la wali wako. Jaza maji yanayochemka, funika dakika kumi, mwaga, futa ikauke, ndipo utie chakula kikiwa bado kinatoka motoni. Ijae mpaka juu. Hotpoti mbili ndogo zilizojaa zinashinda moja kubwa iliyo nusu, kwa kuwa unafungua moja huku nyingine imetulia. Chini ya mfuniko weka kitambaa safi cha pamba kinywe matone ya mvuke, hasa kwa chapati na wali. Fungu la wanaochelewa litengwe mwanzo kabisa, si mwisho kutoka kwenye mabaki. Nalijazia hotpoti yake, naifunga, na haifunguliwi mpaka wenyewe wamefika.

Hotpoti zisipotosha, tafuta deli, lile boksi la kubebea barafu. Linalozuia joto lisiingie ndilo linalolizuia lisitoke. Liwe safi, lisiwe lililowahi kubeba samaki. Lisuuze kwa maji ya moto, tandika taulo nene chini ili sufuria lisiyeyushe plastiki, weka sufuria lililofunikwa, jaza nafasi za pembeni kwa matambara, funga. Hilo pia ndilo gari la kupelekea chakula kwa ndugu walio mtaa mwingine.

Vya kukaanga visiingie kabisa katika hotpoti wala deli. Mvuke wao wenyewe ndio unaovilainisha. Mwenye oveni aiweke kwenye moto mdogo, kama nyuzi 100, avipange juu ya wavu ili hewa ipite chini. Asiye na oveni akaange robo tatu ya kuiva, aache vipumzike, kisha avirudishe kwenye mafuta ya moto wageni wanaponawa mikono. Hii ifanyike kwa sambusa na kachori. Kuku aive mpaka mfupani tangu mara ya kwanza, awe anarudi kushika ukavu tu.

Vya nazi vina adabu yake. Mbaazi zikikaa zinachemka na tui zito saa nzima, tui linakatika. Zipike na tui jepesi, tui zito litie karibu na kupakua. Zikibidi kungoja, weka sufuria lake ndani ya sufuria kubwa lenye maji yanayotokota taratibu. Joto litafika bila kuunguza. Namna hii inafaa pia kwa mchuzi wowote mzito, na ndiyo wanayotumia hotelini kwenye vile vyombo vya bufee vyenye maji chini.

Hapa niseme la uzima wa watu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi mpaka kiliwe, na kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kipimajoto cha jikoni ni kifaa kidogo na kinafaa kununuliwa na kila anayelisha umati. Usipokuwa nacho, ukiweza kula kijiko cha mchuzi bila kupuliza, urudishe motoni uchemke. Wali unahitaji uangalifu kuliko vyote. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki hata uupashe vipi. Wali uliokaa vuguvugu tangu adhuhuri mpaka magharibi simpi mtu, hata kama haujanuka.

Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ili kutunza joto la chakula, hata mvua ikinyesha, hata kama ni dakika chache. Moshi wake mbaya zaidi hauonekani wala haunuki, na chumba kilichofungwa kinaweza kuua. Libaki barazani penye hewa, watoto wakae mbali nalo.

Kundi la mwisho likishakula, kilichobaki kisilale ndani ya sufuria kikiwa na moto wake. Sufuria lile lile lililotusaidia mchana sasa litakiweka vuguvugu usiku kucha. Kitandaze kwenye sinia pana kipoe upesi, kigawe katika vyombo vifupi, kiingie kwenye friji kabla ya saa mbili kwisha. Asiye na friji awagawie majirani wakati bado ni cha moto. Kesho yake cha kwenye friji kipashwe mara moja tu, mpaka kifuke mvuke katikati, na kitakachobaki tena kitupwe.