Bima ya meli ilitangulia Lloyd's
Je, bima ya meli ilianzishwa na Lloyd's, soko la bima la London? Hapana, hawakuianzisha. Mkahawa wa Edward Lloyd, lilikoanzia soko hilo, unatajwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1688, wakati Genoa kuna mkataba wa bima wa tarehe 23 Oktoba 1347, wa meli Santa Clara ikielekea Majorca. Ukiusoma utadhani ni mkopo: anayebeba hatari anakiri kwamba amekopeshwa pesa bila riba na atazilipa, ila meli ikifika salama deni linafutika. Ada aliyolipwa haionekani popote kwenye maandishi. Ujanja huo si bure, kwani Papa Gregory IX alishaulaani mkopo wa baharini, unaolipwa pamoja na nyongeza meli ikifika tu, kuwa ni riba, zaidi ya miaka 100 kabla.

Angalizo: mkopo huo wa baharini ni wa kale zaidi. Athens, karne ya 4 KK, mfanyabiashara alirudisha pesa meli ikifika tu. Mkataba mmoja wa safari ya Bahari Nyeusi una riba ya 22.5%, inayopanda hadi 30% wakichelewa kuondoka huko mpaka katikati ya Septemba, dhoruba zikikaribia. Lakini hapo pesa hutangulia safari. Kwenye bima hutolewa baada ya hasara.