Masahihisho yahame WhatsApp: ushauri kwa wanaotumia WordPress 6.9

Anayehariri tovuti ya watu wengi anaujua mchezo huu. Mwandishi anamaliza rasimu, anaandika kwenye grupu: "Tayari, ipitieni." Haupiti muda, zinaanza kumiminika skrinishoti zilizozungushiwa duara jekundu, voisi ndefu, na ujumbe wa "aya ya nne… hapana, ile ya juu yake". Ikifika jioni, nusu ya masahihisho yamefukiwa na kadi za harusi na picha za mtoto wa mtu, na hakuna anayekumbuka lipi limeshafanyiwa kazi na lipi bado.

Tovuti ninayoihariri ina waandishi Unguja, Pemba na Mombasa, na mmoja yuko Muscat. Tunaiendesha kwa WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti. Toleo lake la 6.9 lilipotoka tarehe 2 Desemba 2025, wengi walishangilia bloku mpya. Mimi nilichokitaka ni kimoja: madokezo (Notes).

Dokezo ni maoni ya ndani yanayobandikwa kwenye bloku, yaani kwenye aya, picha au kichwa kidogo. Unaichagua bloku, unafungua menyu yake ya vitone vitatu, unaandika. Mwenzako anajibu hapohapo, na mkishaelewana mnaliwekea alama kwamba limekwisha. Msomaji wa tovuti haoni kitu; anayeliona ni mwenye ruhusa ya kuhariri chapisho hilo tu.

Tulikuwa na makala ya msimu wa karafuu Pemba. Aya moja ilitaja ujira wa wachumaji, tarakimu tupu. Nikaweka dokezo: "Dada, huu ujira ni kwa pishi au kwa kilo?" Akajibu chini yake: "Kwa pishi, kaka. Na ni karafuu mbichi, si kavu, ngoja niliweke wazi." Akarekebisha, nikalifunga. Suala la mbichi na kavu lisingenijia akilini, na kwenye grupu lingepita hivihivi. Sasa mazungumzo yale yamebaki na makala yenyewe. Mtu akija kuuliza tarakimu ile ilitoka wapi, nafungua chapisho na kumjibu bila kuperuzi ujumbe wa miezi.

Ukianza kuyatumia, yapo mambo ya kuzingatia. Kwanza, dokezo linashika bloku nzima, halishiki neno. Kama aya ina mistari kumi na tatizo ni neno moja, linukuu neno lenyewe ndani ya dokezo, la sivyo mwandishi ataanza kubahatisha. Pili, WordPress humtumia barua pepe mwandishi wa chapisho anapowekewa dokezo, lakini wewe mhariri usitarajie kuletewa majibu yake. Inabidi urudi mwenyewe kuangalia. Sisi tumepatana hivi: mwandishi akishamaliza kujibu yote, anaandika neno moja tu kwenye grupu, "Nimejibu." WhatsApp imebaki kuwa kengele, na kazi inafanyika kwenye rasimu. Halafu jaribuni kwanza kama barua pepe za tovuti yenu zinafika kweli, maana kwenye hosti za bei nafuu, yaani kampuni zinazohifadhi tovuti, mara nyingi huishia kwenye taka.

Na wale wenye cheo cha mchangiaji, yaani wanaoweza kuandika rasimu lakini si kuchapisha, chapisho likishatoka hewani hawawezi tena kulihariri, kwa hiyo na madokezo yake hawayafikii. Maswali yote yamalizwe kabla ya kubofya kitufe cha kuchapisha.

Kingine nilichokipenda ni kuficha bloku. Zamani tangazo likipitwa na wakati ulikuwa na njia mbili: ulifute, au ulinakili mahali fulani kisha ulifute. Sasa unalificha. Kwetu ukurasa wa mbele una kisanduku cha ratiba ya Ramadhani, chenye picha, viungo na rangi zake. Mwezi ukiandama kwa Idi tunakificha, na mwaka unaofuata tunakifungua na kubadilisha tarehe. Bloku iliyofichwa haipelekwi kabisa kwa msomaji, hata akichungulia msimbo wa ukurasa haikuti.

Lakini kuficha si kufunga kwa ufunguo. Kila anayeweza kuhariri ukurasa ule anaiona, kwa hiyo usifiche humo namba ya akaunti wala jambo ambalo wenzako hawapaswi kulijua. Na kuna hatari ambayo sijaona wengi wakiitaja: alama ya kuficha inaeleweka na 6.9 kwenda mbele. Ukirudisha tovuti kwenye toleo la nyuma, au ukahamishia ukurasa kwenye tovuti ambayo haijasasishwa, vyote ulivyoficha vinaibuka mbele ya wasomaji. Kama una tabia ya kurudi nyuma kila plagini (programu ndogo ya kuiongezea tovuti uwezo) inapogoma, kumbuka hilo.

Kwa wanaofanya kazi kwa bando, jifunzeni Ctrl+K, au Command+K kwa wenye Mac. Inafungua kisanduku cha amri: unaandika jina la ukurasa unaoutaka, unafika. Ilikuwepo tangu 6.3 lakini ndani ya kihariri tu. Sasa inafanya kazi kwenye dashibodi nzima, yaani upande wa ndani unaoendeshea tovuti. Kila ukurasa wa dashibodi unaourukia njiani ni data uliyookoa, na mtandao ukiwa wa kusuasua ni muda pia.

Bloku mpya zenyewe nitazipitia haraka. Ile ya maswali yanayofunguka ukiyabofya ni nzuri kwa kurasa za maswali na majibu, na huenda ikakuwezesha kuondoa plagini moja. Bloku ya hesabu itawafaa walimu wanaoandika milinganyo. Maandishi yanayojinyoosha kujaza upana wa ukurasa mimi nimeyaacha: yanakaa kwenye mstari mmoja, na vichwa vyetu vya habari, kwa maneno yetu marefu haya, vinasinyaa mpaka kwenye simu havisomeki. Kama kichwa chako ni "Karibu" tu, haya, jaribu.

Kabla ya kusasisha, chukua nakala rudufu ya faili pamoja na hifadhidata. Wapo wanaonakili faili peke yake na kudhani wamemaliza, wakati makala, maoni na hayo madokezo yote yanakaa kwenye hifadhidata. Kama hosti yako inakupa tovuti ya majaribio, sasisha huko kwanza, kisha fungua makala chache za zamani na fomu ya mawasiliano uone kama vinakubali.

Na kama umesasisha ukatafuta madokezo usiyaone, angalia kama bado unatumia plagini ya kihariri cha zamani (Classic Editor). Wengi waliiweka toleo la 5.0 lilipoleta bloku Desemba 2018, na haijaguswa tangu hapo. Humo hutapata dokezo wala kuficha, kwa sababu vyote vinategemea bloku. Hata ukiizima, makala zako za zamani zitafunguka kama bloku moja kubwa, na ukiweka dokezo litaangukia makala nzima. Ibofye bloku hiyo, chagua kuibadilisha kuwa bloku nyingi, halafu ipitie kwa macho kabla ya kuhifadhi, hasa majedwali na picha zilizopangwa pembeni mwa maandishi, maana hizo ndizo zinazopenda kuhama. Usizibadilishe zote kwa pamoja. Anza na zile unazozihariri mara kwa mara. Makala ya 2014 ambayo hakuna anayeigusa, iache ilale.